Tangi la Futi Nane

Kaka yangu aliponiambia kwamba mgahawa wetu wa Mlandege, hapa Iringa, utakuwa na tangi la samaki, nilidhani anazungumzia bwawa la kufugia perege huko uani, nikamjibu kwamba hatuna nafasi. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Samaki wa kuangalia, siyo wa kula," akasema. "Tangi la kioo. Futi nane. Linakaa pale."

Akaonyesha ukuta wa kushoto, penye meza ndefu ambayo familia zenye watoto huikimbilia siku za Jumapili.

Mgahawa huo alituachia mama. Kaka ndiye mwenye mipango, mimi ndiye mwenye breki, na kwa miaka yote hiyo tumeendesha mambo kwa mtindo huo bila kugombana sana. Aliyetaka kuta zipakwe rangi ya chungwa ni yeye. Aliyezuia dari isipakwe rangi hiyohiyo ni mimi. Lakini kwa habari ya samaki sikukanyaga breki mapema, na nilikuwa na sababu. Baba yetu alikuwa mfanyabiashara, babu yake alikuja Iringa akitokea Tanga; mama alikuwa Mnyakyusa wa Matema, kule Ziwa Nyasa. Tulipokuwa wadogo alitupeleka kwao wakati wa likizo, na kaka alikuwa akisimama ziwani maji yakimfika kiunoni, anainama, anawatazama wale samaki wadogo wa buluu wanaozunguka mawe. Unamwita kula, haji.

"Watu wa hapa wanamwona samaki akiwa ameshakaangwa," aliniambia. "Nataka wamwone akiwa bado ana shughuli zake."

Nani angekataa maneno kama hayo? Nikakubali. Na niseme ukweli, nilifurahi pia.

Mteja mmoja alitupa namba ya fundi wa vioo wa Mbeya, mzee anayetengeneza madirisha, makabati na matangi ya samaki. Kaka akaongea naye, akamtumia mchoro kwenye simu, wakakubaliana, malipo ya awali yakaenda. Tangu siku hiyo kaka hakuwa na siri. Alimwambia muuza nyama, akawaambia wazee msikitini, akawaambia akina mama wa kwaya ya Kilutheri ambao hupita kwetu kunywa chai baada ya ibada. Wale akina mama ndio walikuwa hatari. Kila Jumapili, kabla hata ya kuvuta kiti, mmoja wao alikuwa akisalimia kwa Kihehe na kuuliza kwa sauti ya kwanza ya kwaya:

"Kamwene! Samaki wamefika?"

"Wako njiani," kaka alikuwa akijibu, kifua mbele.

Wiki chache baadaye tulikwenda Ubaruku kununua mchele, kama tufanyavyo kila baada ya mavuno. Tulipakia magunia kumi ya kilo mia mia kwenye pikapu, na tulipofika Igawa njaa ilikuwa imetukamata. Kaka akasimamisha gari mbele ya hoteli moja ya kando ya barabara.

"Hapa nimepachagua makusudi," akasema. "Humo ndani wana tangi. Dogo, futi tatu tu, lakini utapata picha."

Tangi lilikuwepo kweli, juu ya meza ya mbao karibu na dirisha, na ndani yake samaki kumi na wawili, wengine wa dhahabu, wengine weusi wenye mikia kama shela. Kaka alisimama mbele yake kama mtu aliyekutana na ndugu zake. Mimi niliweka mkoba wangu kwenye kiti kilichokuwa jirani na tangi, kisha nikaona jua linanipiga usoni, nikauchukua, nikahamia upande wa pili. Hapo ndipo nilipoliona beseni chini ya meza. Tone likadondoka. Baada ya muda, jingine.

"Mama, hilo beseni la nini?" nilimuuliza mwenye hoteli alipoleta wali.

"Linatoa jasho kidogo," akajibu. "Toka juzi."

Kaka hakusikia. Alikuwa akiongea na samaki.

Nilikuwa nimekula kama vijiko vitatu. Siku zote nilifikiri kioo kikiachia kitapiga kelele kwanza, angalau mtu ajue. Hiki hakikupiga kelele. Nilisikia sauti kama ya mtu anayechana khanga mpya, taratibu, kutoka juu kwenda chini, kisha upande mmoja wa tangi ukainamia nje na maji yote yakatoka kwa pamoja.

Meza yetu ilisogea yenyewe. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa kwenye meza ya jirani aliinua miguu yote miwili na sahani yake, akaendelea kutafuna.

"Msikanyage samaki!" mwenye hoteli alipiga kelele kutoka jikoni. "Jamani, msitembee!"

Kaka alikuwa ameshapiga magoti kwenye maji. "Jagi! Nipe jagi!" Nikamwaga maji ya kunawia mikono, nikampa jagi, akaanza kuwakusanya kwa viganja, mmoja mmoja, akiwabembeleza. Wateja wakaingia kazini. Mmoja alileta ndoo, mwingine sufuria lililokuwa limeandaliwa kwa pilau, na bibi mmoja aliyekuwa akisubiri basi alimtoa samaki chini ya friji kwa kutumia mwavuli wake. Tukahesabu: kumi na mmoja. Tukatafuta tena chini ya kila meza. Hayupo. Mwishowe yule dereva akamaliza chakula chake, akashusha miguu kutafuta viatu alivyokuwa amevivua.

"Wenu huyu hapa," akasema, akiinua kiatu kilichojaa maji. "Alitaka lifti."

Tulicheka wote, hata mwenye hoteli, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda, khanga imelowa mpaka magotini. Lakini nilipogeuka kutazama lilipokuwa tangi, kicheko kilinikatika. Kile kioo kilichoachia kilikuwa kimelala juu ya kiti nilichokuwa nimewekea mkoba. Kilikuwa kimepasuka katikati, na ncha moja imeingia kwenye mto wa kiti.

"Kioo chenyewe hakikuwa na kosa," mwenye hoteli alisema, akipitisha kidole kwenye ukingo uliobaki. "Ni hii gundi ya kwenye maungio. Imeamua tu kuachia."

Tulimsaidia kukausha sakafu, tukaondoka. Tulikuwa tumekaribia Makambako kaka alipoanza kujitetea.

"Lile la hotelini lilibandikwa na shemeji wa yule mama," akasema. "Ameniambia mwenyewe. Siyo kazi ya fundi."

"Lilikuwa la lita ngapi?"

"Mia na kitu."

"Letu?"

Akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

"Kaka, letu lita ngapi?"

"Elfu moja. Na kidogo."

"Lita moja ya maji ni kilo moja."

"Najua."

"Kwa hiyo ni tani."

"Usiiite tani," akasema. "Iite samaki."

Nikageuka nyuma. Magunia kumi ya mchele yalikuwa yamepangwa pale, na springi za pikapu zilikuwa zimelala kabisa kwa mzigo. Uzito uleule. Nikayawazia magunia yale yamesimama juu ya meza, yamezuiwa na mstari mwembamba wa gundi, na chini yake watoto wanakunywa chai.

Siku zilizofuata nilikuwa mgonjwa wa maungio. Nikiingia dukani naangalia pembe za kabati la vioo. Nikienda benki napitisha ukucha kwenye dirisha la karani mpaka karani ananiuliza kama nina shida. Jumapili akina mama wa kwaya walikuja, watoto wao wakakaa kwenye meza ndefu, mmoja akawa anaupiga ukuta teke kwa mdundo wa wimbo walioimba kanisani. Teke, teke, teke. Nikatoka nje nikampigia fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vioo vyenu vimeshakatwa, msiwe na wasiwasi."

"Wasiwasi ndio ulionipigisha simu, mzee. Umewahi kutengeneza la futi nane?"

Nilisikia mashine ikinguruma nyuma yake, kisha ikazimwa.

"La futi nne nimetengeneza mengi," akasema. "Hakuna hata moja lililorudi."

"Na la nane?"

"La nane ndilo hili la kwenu." Akakohoa. "Njooni Mbeya, mwanangu. Maneno haya si ya simu."

Nilimwambia kaka kwamba naenda kusitisha oda. Akaniambia naye anakuja, ila anakuja kuitetea. Njia nzima alinisomea maelezo aliyoyapata mtandaoni kuhusu unene wa vioo. Nami nilikuwa nimepanga hotuba yangu na nikiirudia kimoyomoyo, maana kumwambia fundi mtu mzima kwamba hatuiamini kazi yake ni jambo la aibu. Mbeya tulikuta manyunyu na baridi ya kukunja vidole.

Fundi alikuwa mtu mfupi mwenye sweta la kufuma na miwani minene. Kwa kuwa aliambiwa mama yetu ni wa Matema, alitupokea kwa Kinyakyusa. "Ugonile!" "Ndaga!" kaka akajibu kwa ushujaa, na Kinyakyusa chake kikaishia hapo. Tukapewa chai. Vioo vyetu vilikuwa vimeegemezwa ukutani, virefu kuliko mimi, na juu ya cha kwanza ameandika kwa kalamu nene: SAMAKI IRINGA.

Kabla sijaanza hotuba yangu, mzee alimpeleka kaka kwenye tangi la futi nne lililojaa maji.

"Hili lina wiki mbili hapa, nalijaribu. Pitisha kidole kwenye pembe."

Kaka akapitisha. Pakavu. "Unaona!" akaniambia.

"Subiri kwanza," mzee akasema. Akachukua kipande cha aluminiamu kilichonyooka, akakilaza kwenye uso wa kioo. Katikati kiligusa, pembeni, kushoto na kulia, mwanga ukapita. "Maji yanasukuma. Kioo kinatuna. Kwa macho huoni, lakini kinatuna. Hapa ni futi nne. Nane kitatuna zaidi, na anayeshikilia ni huyu." Akagusa mstari mweusi wa gundi ya silikoni, mwembamba kama utepe. "Kwa kazi hiyo nilitakiwa nipate kioo kinene kuliko hiki, na fremu ya chuma. Kioo hicho nimekitafuta, sijakipata." Kisha akamtazama kaka juu ya miwani. "Pale ukutani kwenu, chini yake wanakaa akina nani?"

Kaka akafungua mdomo kujibu haraka, kama kawaida yake. Halafu sauti ikatoka taratibu.

"Watoto," akasema.

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nikamwona anavyoangalia vile vioo, na hotuba yangu yote ikanipotea; kwa mara ya kwanza nilitamani mtu mwingine awe ndiye mwenye breki.

"Mzee, tusamehe," kaka akasema. "Tunaomba tuache."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ukingo wa sweta, akaivaa tena.

"Ndaga fijo," akasema. Alikuwa anatushukuru! "Wiki tatu napita karibu na vioo hivi kama mtu anayempita mbwa asiyemfahamu."

"Sasa ulikubali kwa nini?" nikamuuliza.

"Kaka yako alivyokuwa akifurahi kwenye simu, ningemkataliaje?"

Kaka ndiye aliyeanza kucheka, akiwa palepale juu ya ndoo, na tukamfuata. Chai haikuwa imepoa, naye alikuwa ameshasimama, ameazima futi kamba, anapima vioo. Vioo hivyo vingetoa kabati la vitafunwa! La kusimama kaunta, rafu tatu, taa ndani. Mzee akachora. Kaka alitaka taa za rangi tatu. Nikakataa, ikabaki moja, nyeupe.

Kabati lilikuja kwa lori, limefungwa kwa magunia na pumba za mpunga kila upande, halina hata mkwaruzo. Jumapili iliyofuata akina mama wa kwaya waliingia, wakasimama mbele yake, wakaziangalia sambusa, vitumbua na chapati zikimeremeta chini ya taa.

"Samaki wako wapi?" yule wa sauti ya kwanza akauliza.

"Wameghairi safari," kaka akajibu, akamfungia sambusa mbili.

Siku chache alikuwa mnyonge, siwezi kuficha. Nilimkuta akiutazama ule ukuta wa kushoto huku ameshika taulo la vyombo. Kisha asubuhi moja nikakuta ameupaka rangi ya buluu, ile isiyong'aa, akaweka kopo la chaki mezani. Watoto wakachora. Wapo samaki wenye nyusi, wapo wenye miguu, kuna mmoja anaendesha bodaboda. Vumbi la chaki linaingia kwenye chai na kila Jumatatu mimi ndiye ninayefuta meza. Breki sijakanyaga.

Mwezi uliopita mzee fundi alikuja Iringa kwenye harusi ya jamaa yake, akapita kwetu kula. Kabla ya kuketi alipitisha kidole kwenye pembe za kabati, zote nne. Alinisimulia kwamba amepata mteja mwingine, mwenye baa, anayetaka tangi la futi kumi.

"Nimemwambia kwangu ni futi nne, basi. Akanuna. Nikampa namba ya kaka yako amweleze."

Kabla hajamaliza wali wake simu ya kaka ililia, na ni yeye huyo mwenye baa. Kaka alisimama katikati ya mgahawa akaongea naye nusu saa nzima, mkono mmoja ukichora hewani jinsi kioo kinavyotuna, na wateja wawili waliochoka kusubiri wakapita nyuma ya kaunta wakajihudumia chapati wenyewe.