Seva Mbili za Kaloleni na Kanzidata ya Mlimani

Sogea karibu, ndugu yangu, na neno seva lisikutishe. Seva ni kompyuta tu, ila haina kiti mbele yake. Hospitalini kwetu Kaloleni tunazo mbili, kwenye kabati lenye feni. Moja inafanya kazi, nyingine inaiangalia. Ya kwanza ikianguka, ya pili inashika kazi bila kikao.

Kazi moja zinaifanya zote mbili: kuchungulia kanzidata, yaani ghala la mafaili ya wagonjwa, iliyo ndani ya kompyuta ya zahanati moja juu mlimani, katikati ya migomba. Kila baada ya muda mfupi seva huiita kompyuta ile: upo? Ikijibu nipo, taa kwenye skrini yangu inakuwa ya kijani.

Asubuhi moja aliletwa kutoka huko mzee mkulima wa kahawa, mguu una kidonda kibaya, homa imempanda, anaweweseka kwa Kimeru. Mkewe alikumbuka jambo moja tu: zamani, kwenye zahanati ile, mumewe alichomwa sindano akavimba koo nusura afe. Sindano gani? Mama hakujua. Ilikuwa kwenye faili.

Daktari akaja mlangoni kwangu. "Faili halifunguki."

"Taa ni ya kijani, daktari. Kanzidata ipo."

"Basi nimchome hiyo kijani?"

Nikampigia simu muuguzi wa zahanati.

"Sista, habari za huko?"

"Nzuri kabisa, kaka. Za mjini?"

"Njema. Wagonjwa?"

"Wanaendelea vizuri."

"Na kompyuta?"

"Ipo, inawaka, salama tu. Ila tangu umeme ulipokatika alfajiri ukarudi, haifungui faili hata moja. Naandika kwenye karatasi."

Unajua sisi tunavyosalimiana. Kwanza nzuri, hata kama ng'ombe amekufa. Habari yenyewe inakuja baada ya ila. Seva zetu zilikuwa zinasalimia, zinapokea nzuri, zinakata simu. Na kwa kuwa zilikuwa mbili, tulikosea kwa uhakika mkubwa. Kompyuta ilikuwa imeamka, kanzidata ndani yake bado imelala.

"Sista, bonyeza palipoandikwa anzisha."

"Ikilipuka?"

"Hailipuki."

"Ikilipuka nakuletea vipande hapo hapo Kaloleni."

Haikulipuka. Faili likafunguka mbele ya daktari: penisilini. Ndiyo dawa aliyokuwa ameshaiweka kwenye trei. Akaitoa, akaenda kuchukua nyingine.

Mke wa mzee akaniuliza, "Wewe ndiye daktari mkubwa?"

"Hapana, mama. Mimi ni wa kompyuta."

"Pole, mwanangu," akasema, na alimaanisha.

Mzee alirudi nyumbani na miguu yake yote miwili. Nawe kama unaangalia kanzidata iliyo mbali, hili halikushindi. Weka humo faili moja la majaribio. Ziagize seva zote mbili zilifungue na kulisoma kila zinapochungulia, na taa iwe ya kijani pale tu maneno ya faili hilo yanaporudi. Kisha chagua saa ambayo hakuna mgonjwa anayesubiri, izime kanzidata kwa makusudi, ukiiacha kompyuta inawaka, na ukae hapo mpaka uone taa imegeuka nyekundu.