Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Kazi yangu ni kupiga pasi, na chumba nachangia na fundi cherehani ambaye wateja wamembandika jina la Mama Taratibu. Kuna tabia yake moja ilikuwa ikinikata maini. Uzi ukijisokota, hakati. Anaondoa mguu kwenye pedali, anaanza kufungua mafundo kwa kucha, mteja amesimama, mimi natafuna midomo. Nilimwambia mkasi si huo hapo. Akanijibu vidole vyake vinajifunza. Nikajua ni ubahili tu.

Alikuwa na kitambaa cha maua mekundu alichoachiwa na marehemu mama yake. Hakukishona. Mara mojamoja alikitoa kabatini, akakinusa, akakirudisha. Sasa mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza ufundi. Akaona amshonee mama mkwe gauni bila yeye kujua. Siku fundi alipotoka kununua vifungo, binti akakitoa kitambaa, akakata.

Fundi aliporudi, kiwiliwili cha gauni kilikuwa kimeshakatwa, na mikono ilikuwa mezani, yote miwili ya kushoto. Binti alikitandaza kitambaa bila kukikunja, akakata mkono wa kwanza, kisha wa pili, na karatasi ya kipimo aliyoifuatisha hakuigeuza. Kilichobaki kilikuwa vipande vya kujazia mto.

Niliweka pasi pembeni. Nikasema moyoni, leo kitanuka. Ningekuwa mimi, yule binti angerudi kwao na kiatu kimoja. Fundi alivishika vile vipande, mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamlenga. Binti akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba atafungasha vitu vyake, aondoke kabla mumewe hajarudi.

Fundi aliketi kwenye cherehani, akaondoa mguu kwenye pedali. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya meza, taratibu, vinafungua kitu ambacho mimi sikukiona. Uzi haukuwepo. Jamani, nywele zilinisimama. Miaka yote ile nilikaa karibu yake, na sikujua vidole vile vilikuwa vinajifunza kitu kikubwa namna hii. Niliogopa hata kukohoa.

Mwishowe vidole vikatulia.

"Mwanangu, ulikikata kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, mama."

"Basi vuta kiti. Tushone."

Walishona pamoja. Mkono mmoja waliugeuza ndani nje ili ukae upande wa kulia, na kwa upande huo wa nyuma maua yake yakawa yamepauka. Gauni hilo nililipiga pasi mimi mwenyewe, tena kwa woga, kama nimepakatishwa mtoto mchanga.

Fundi alilivaa kazini. Mteja mmoja, mdomo haumtulii, akacheka, akauliza ni fundi gani huyo aliyemharibia kitambaa kizuri namna ile. Binti akainamia meza. Jibu langu lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, na lilikuwa jibu la kumtoa mtu nduki. Lakini fundi aliunyoosha ule mkono uliopauka, akaupapasa mbele yetu sote.

"Nimeshonewa na mwanangu," alisema.

Binti akainua uso. Na mimi lile jibu langu nikalimeza lote, wala halikunikwama.