Bunduki Iliyoua Vizuri Mno

Shida ya bunduki yangu ilikuwa moja tu: iliua vizuri mno. Wenzangu wenye magobori walilalamika kwamba ndege wanawatoroka. Mimi nililalamika kwamba hawatoroki, na hakuna aliyenihurumia.

Niliinunua kwa meneja wa kinu cha pamba aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao Ulaya, miaka ya mwanzo ya uhuru. Ilikuwa bunduki ya marisawa, ile inayotawanya chembe ndogo ndogo kama mtu aliyerusha konzi ya mtama. Lakini haikuwa ya kukunja katikati, waliyoizoea watu. Yangu ilikuwa na mkono wa chuma chini, pale kidole kinapofyatulia. Ukiushusha mkono huo, ganda tupu linaruka; ukiupandisha, risasi nyingine imeshaingia. Mara tano, bila kuitoa begani. Nilikuwa na duka Busia mjini, na kutwa mikono yangu ilipima sukari na kufunga chumvi. Wateja wakipungua niliingia chumba cha nyuma, nikaushusha na kuupandisha ule mkono bila risasi ndani, klak-klak, kwa ajili ya sauti tu. Enzi ya mkoloni mtu kama mimi angeishika bunduki ya namna ile kwa kumbebea mwenyewe. Sasa kibali cha polisi kilikuwa na jina langu. Sioni haya kusema nilijiona mtu.

Mama hakuona hivyo. Alikuwa mjane, na tuliishi naye nyuma ya duka. Sisi ni Waislamu. Wazazi wangu walihamia Busia kutoka Mumias. Baba alipokuwa hai alitega kanga kwa vitanzi, akawaleta nyumbani wazima, wamefungwa miguu, akawachinja uani. Tangu afariki mama hakuwa ameonja kanga, na kila nilipoleta kuku alimla akisema kuku hana kitu. Basi nikatia nia nimlishe kanga kwa bunduki yangu. Nililitaka jambo hilo kuliko faida ya duka, kwa sababu yeye alikuwa ameshasema lake.

"Kama hicho chuma hakiwezi kuleta nyama halali," aliniambia, "mimi sitaki kukiona. Nyumba hii haitapika kibudu, kitu kilichokufa kabla ya kisu."

Jumapili duka likifungwa, nilipanda baiskeli hadi Amukura, kwa mkulima mmoja Mteso, Mkatoliki, mtu mzima kunishinda. Karanga zake zilifukuliwa na kanga kabla hazijaota, kwa hiyo alinipokea kwa mikono miwili.

"Bwana duka, karibu. Hao watu wako wanakungoja huko kwa shamba."

Napiga, kanga anaanguka. Nakimbia na kisu mkononi, namfikia, ameshakufa. Naushusha na kuupandisha mkono wa chuma, napiga wa pili. Huyo amekufia angani. Siku moja niliangusha wanne mfululizo, nikasimama katikati ya shamba na kisu kisafi, nataka kulia. Mkulima aliwaokota wote wanne.

"Mungu akubariki," akasema. "Hii dini yako iko mzuri sana kwetu sisi."

Nikaanza kujifunza kupiga vibaya. Msicheke. Nilirudi nyuma hatua ishirini, marisawa yakaishia njiani. Nikalenga pembeni mwa kundi, nikalenga mkia. Jicho lililozoea kulenga halijui kukosea kidogo. Ama linakosa kabisa, ama linaua. Mkulima aliniuliza kama naumwa macho, nami nilimjibu vibaya, mzee wa watu. Safari moja nilimkuta mmoja bado ana joto, jicho wazi, nikapitisha kisu upesi nikampeleka nyumbani. Mama alimgeuza shingo, akabonyeza mkato kwa kidole gumba. Hakukuwa na damu ya maana.

"Huyu umechinja maiti," akasema, akaenda kunawa mikono.

Paka wa jirani alipata sikukuu. Mimi nilipiga teke debe la mafuta ya taa likabonyea, na debe lenyewe lilikuwa langu.

Mwaka wa tatu, mvua zilipoanza, kanga mmoja aliruka kutoka upande nisioutarajia. Nilifyatua kwa haraka, bila kulenga, nikamwona anashuka akipiga bawa moja. Yu hai! Mkono wangu ulishusha na kupandisha kile chuma bila mimi kuuagiza, ganda likaruka, lakini kanga alikuwa tayari anakimbia kwenye matuta, bawa linaburuta.

"Kimbia! Kimbia, bwana duka!" mkulima akapiga kelele.

Niliiweka bunduki chini, nikamfukuza, nikaanguka, nikainuka, nikamrukia. Alinichana mkono kwa kucha. "Leo nimekupata!" nilimfokea. "Nimekupata, mwizi wewe!" Kisu kikapita, damu ikaruka, ikanilowesha shati lote. Sijawahi kufurahia shati chafu namna ile.

Mama alimkagua shingo na bawa. Akamnyonyoa, akampika kwa vitunguu na karanga alizonipa mkulima. Nilikaa mlangoni mwa jiko muda wote, nikinusa. Sahani zilipowekwa mkekani, akiwa ameshashika kipande cha kwanza, aliniuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza iwapo chumvi imetosha:

"Ulisema bismillahi, mwanangu?"

 Maneno niliyoyasema kule shambani niliyakumbuka yote, moja moja, na jina la Mungu halikuwemo. Baadaye nimesikia kwamba aliyesahau husamehewa, na nyama yake haina lawama. Huenda ni kweli. Lakini mama hakuniuliza hukumu ya sheria. Aliniuliza kama nilisema.

"Nilisema, mama."

Akala. Alikula shingo, akala bawa, akavunja mfupa akanyonya uboho huku amefumba macho. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume wa nyumba, akaniwekea mimi. Niliitafuna muda mrefu. Nilimkasirikia yule kanga, nikaikasirikia bunduki, nikamkasirikia mkulima na kelele zake, nikamkasirikia hata mama kwa kungoja mpaka chakula kiko mkekani ndipo aulize. Halafu hakubaki wa kukasirikiwa ila mimi.

Alipomaliza alinawa, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Sasa nimeielewa hiyo bunduki," akasema. "Jumapili uende tena."

Miaka mitatu niliyangoja maneno hayo kutoka kwake, na nilipoyapata nilishindwa kumtazama usoni.