Jani Nililopokea Kabla ya Kuuliza Kosa

Kila mtu huku Kilema anajua kwamba theluji ya Kibo ni maziwa aliyoyamwaga babu yangu akikimbizwa na chui. Ni mimi niliyewaambia. Hii ya mjukuu wangu Winfrida sikuitunga, ndiyo maana haina utamu.

Winfrida alikuwa akitunza kumbukumbu za wanachama kwenye kompyuta ya chama cha wakulima wa kahawa, mjini Moshi. Mwaka elfu mbili na mbili mashine hiyo iliwachanganya watu. Sisi mtoto hurithi jina la babu au bibi, kwa hiyo mteremko mmoja una kina Elisifa sita, wote wa ukoo mmoja. Kompyuta ikawafanya Elisifa mmoja mwenye vihamba sita, mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Basi Winfrida akawa ananikalia jikoni, miezi mitatu, akiniuliza kila kihamba kinanyweshwa na mfongo upi, maana majina yanafanana lakini mifereji haifanani. Nilimtajia yote. Mmoja nilimdanganya: Mfongo wa Fisi Kiziwi, ambao maji yake hupanda mlima. Alicheka mpaka akakohoa, akauacha humo humo kwenye mashine.

"Ukifa, Bibi, nitaufungua nikuone."

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wa kazi hiyo, wa hospitali, wa mashule, wa maofisi, walikutana kwenye ukumbi pale Mawenzi, mjini, kufundishana. Mwezi wa nane ikatangazwa nafasi moja ya masomo Dar es Salaam, ya atakayeonyesha kazi bora. Winfrida aliitaka kuliko mchumba.

Siku tatu kabla ya Jumamosi ya maonyesho, akaja Leodegar, anayekaa meza ya jirani naye ofisini. Mkono mmoja kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mwingine jani la sale lililopigwa fundo. Kwetu ukipokea sale umesamehe, na kurudi nyuma ni kujichumia laana.

"Shikamoo, Bibi. Nimemkosea Winfrida."

"Marahaba."

"Ni jambo dogo la ofisini. Naona aibu kumwambia. Nipokelee wewe, mkubwa wake."

Mzee hutakiwa aulize kosa kwanza, litajwe lote. Mimi macho yalikuwa kwenye kibuyu. Nikapokea. Mbege yenyewe ilikuwa nzuri, sitasema uongo.

Jumamosi nilishuka mjini na kitenge kipya, nimwone mjukuu akisifiwa. Leodegar akaitwa kwanza. Akawasha mashine, akaanza: kina Elisifa sita, vihamba, mifongo. Winfrida akanishika mkono. Halafu huyo akasoma kwa sauti ya padri, "Mfongo wa Fisi Kiziwi, unaonywesha vihamba kumi na viwili."

Winfrida akasimama. "Huo mfongo haupo. Bibi yangu aliutunga, mimi nikauandika. Kazi hiyo ni yangu."

Leodegar hata jasho hakutoa. "Kweli, nilichukua. Nikapeleka sale kwao, ikapokelewa. Bibi yule pale."

Mwenyekiti, mzee Efraimu, mtu wa Machame, akavua miwani. "Kama imepokelewa, hilo limeisha nyumbani. Sisi tulifufue hapa kwa nini?"

Winfrida alinigeukia. "Bibi, ulipokea?"

"Nilipokea."

Akaketi. Mkono wangu akauachia.

Leodegar alipopanda basi la Dar kwenda masomoni, nilikata sale mpakani mwa kihamba, nikampelekea Winfrida. Hakunyoosha mkono.

"Kosa gani, Bibi?"

"Dogo."

"Litaje lote."

Nikalitaja, na kibuyu chake, bila kutia chumvi. Mara ya kwanza tangu nizaliwe. Akalichukua lile jani, akalichomeka kwenye chupa dirishani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata alikuwa migombani, anapalilia. Nikamwambia watu wa Mawenzi watamngoja.

"Atakwenda Fisi Kiziwi," akasema, na hakucheka.