Siku Tuta Langu Lilibeba Mama ya Watu

Hii mambo nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa vile mtaa wote wa Kimumu sasa unaniita Mzee Tuta, hata watoto wa nasari, wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa vibaya.

Barabara yetu pale karibu na kinamasi watu walikuwa wanapita kama wamefukuzwa, hasa Kevo wa boda, na wale korongo wenye taji kichwani (ndege mpole sana, anavuka na watoto wake nyuma kama anaenda kanisa) mmoja akagongwa mbele ya geti yangu, na wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani akapona kwa kuruka mtaroni. Tuliomba tuta kwa wakubwa mpaka tukachoka, basi tukafanya vile watu wa mtaa hufanya, tukachanga maram, ule udongo mwekundu wa barabara, tukajenga wenyewe. Lilikuwa tuta zuri. Wenzangu wakaenda nyumbani. Mimi nikaliangalia, nikaona hili Kevo ataliruka tu, nikaongeza wilbaro moja ya mawe. Halafu ingine. (Zamani nilikuwa fundi wa mawe, na mkono haujastaafu.)

Kitu nilisahau ni kwamba kesho yake wakwe wanatoka kijiji cha Ziwa kuona boma yetu, waamue kama msichana wao ataolewa na kijana wangu Wafula.

Nimesimama kwa geti na koti niliyooa nayo, naona gari yao inapanda tuta, ikafika juu, ikakaa. Mbele haiendi, nyuma hairudi, imetulia kama kuku amelalia mayai. Ndani kuna mama ya msichana, mtu wa mwili, na gari imeinama, hawezi kutoka bila kushikwa mkono. Na kwetu Waluhya mkwe hashikwi mkono, hata kama anaanguka. Kwa hivyo mimi, Wafula na ndugu zangu tukageuka tukaangalia ukuta kwa heshima, na mama ananing'inia.

"Ni nani alijenga huu mlima?" akauliza.

"Vijana wa siku hizi, mama," nikaambia ukuta.

Saa hiyo ndio Kevo anafika, polepole, mara ya kwanza tangu nimjue. "Mzee! Kumbe hii tuta yako ulijengea wakwe?"

Akashuka, na kwa vile yeye si wa ukoo wetu, akamshika mama mikono yote miwili, akamtoa.

Korongo wawili wakavuka na watoto wao, hawana haraka. Mama akawaangalia mpaka wakaingia kwa majani. Kisha akasema, "Wewe kijana mwenye mikono, ambia huyo mzee wa ukuta wajukuu wangu watacheza hapa. Tuta libaki. Lakini hiyo kichwa yake ya juu aikate sasa, gari ishuke, ndio tuingie tule."

Nikachukua jembe nikakata, nimevaa koti yangu, mtaa mzima ukiangalia, ugali ikipoa.

Harusi ilifanyika. Kevo alikalishwa meza ya wakwe, mimi nikapewa kiti karibu na mlango. Tangu hapo mtu akiniambia, "Mzee, ongeza kidogo," hata kama ni chumvi, mimi naweka mikono mfukoni.