Mti wa Nyuma ya Darasa

Juzi binti yangu alinikariria shairi la msitu, nami nikasikia tena harufu ya unga wa mbao mbichi. Nikakasirika.

Utotoni, wazee wote wa kijiji chetu cha Kibabi walitusimulia kwamba mti ukidharauliwa hujing'oa, ukaenda zake. Basi Jumamosi moja shuleni nilisahau ubeti wa mwisho wa shairi la mti, Mwalimu akanichapa. Jumatatu mchana, nyuma ya darasa, pale uliposimama mti wetu, nilikuta kisiki kilicholowa utomvu na unga wa mbao umetapakaa.

"Mwalimu, muti iko wapi?"

"Iliondoka juu yako. Ulisahau shairi yake."

Nikapiga magoti, nikakikariria kisiki shairi lote nikilia, ili mti urudi. Mwalimu, ambaye siku hizi najua ndiye aliyeuuza kwa wapasua mbao, alisimama akanisikiliza hadi mwisho.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Sasa unaijua shairi yote."