Jiwe la Kusagia

Mimi nilizaliwa kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Nakuru. Unga kwetu ulitoka dukani ndani ya mfuko, na sioni haya kulisema hilo. Nilipoolewa, miaka ile ya hamsini, bwana yangu alinipeleka kwa wazazi wake, kwenye shamba la pareto la mzungu kule Molo. Yeye alikuwa na kazi na chumba mjini. Akaniahidi: "Krismasi ikipita, tunarudi Nakuru pamoja." Lakini mama mkwe alisema bibi arusi haondoki jikoni kwake mpaka awasagie wazee wimbi, wale, washibe.

Wifi yangu, dada mdogo wa bwana, ndiye aliyenifundisha. Piga magoti, mwaga wimbi kwenye jiwe kubwa, sukuma jiwe dogo mbele, rudisha. Tulicheka sana. Nilimpenda yule msichana, nikampa siri zangu zote.

Siku ya wazee ilipofika, bwana yangu aliingia jikoni asubuhi. Nikampa chai. Akapitisha kiganja juu ya jiwe kubwa, polepole, akamtazama dada yake, akatoka. Nikajiambia, ah, huyu mume ananijali.

Nikasaga. Wimbi likateleza. Nikakaza mikono, nikaegemeza kifua, jasho likanidondoka, na punje zikapita chini ya jiwe nzima nzima, vile zilivyoingia.

"Kaza mgongo, bibi wa mjini," wifi akasema, lakini safari hii hakucheka.

Nilikaza mpaka magoti yakachubuka. Na ule ugali, jamani! Mzee mmoja alitema punje kiganjani akamwonyesha mwenzake. Mama mkwe hakugomba. Alisema tu, "Huyu bado. Atabaki na mimi."

Bwana yangu akapanda treni peke yake. "Mama amekataa, mimi nifanye nini?"

Wiki hiyo hiyo natoka mtoni na debe la maji kichwani, nasikia ko, ko, ko. Wifi amepiga magoti, anagonga lile jiwe kubwa kwa jiwe jingine lenye ncha. Nikaligusa. Lilikwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kumbe jiwe likisagiwa sana hulainika, likawa halishiki punje tena, lazima lichongwe upya! Kila mtoto wa pale alilijua hilo.

Damu ikanichemka. "Wewe! Nimekuita dada, nimelala kitanda kimoja na wewe, ukaniacha niaibike mbele ya wazee?"

Akaweka jiwe chini. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Nilitaka kulichonga mapema. Nikakatazwa."

"Na nani? Mama?"

"Mama hajui kitu. Ni bwana yako. Alisema uachwe huku."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nilikipa chai kwa mikono yangu. Nilikumbuka kile kiganja chake juu ya jiwe asubuhi ile. Alikuwa anahakikisha kwamba bado ni laini.